Mwanafunzi kaonea mwenzie bwenini: umchape, umfukuze au umkalishe chini? Fuata hatua hizi

Saa kumi na nusu alfajiri, kengele bado, nimetoka na tochi kuzungukia mabweni, nakuta dogo wa kidato cha kwanza kainama bombani peke yake na ndoo tatu. Namuuliza mbona mapema hivi, ananijibu "nawahi kuoga mwalimu". Nikamulika zile ndoo. Moja ina jina lake, mbili zimechorwa kwa ncha ya bikari majina ya vijana wa kidato cha nne ninaowafundisha mwenyewe. Na pale kwenye ukingo wa bomba kulikuwa na soksi pea sita zimeshafuliwa, zimekamuliwa, zimepangwa kwa mstari kabisa. Ilikuwa mwezi wa pili, dogo ana wiki tano tu shuleni.

Nikafanya kile ambacho walimu wengi tunafanya. Nikawatoa wale wawili mbele ya paredi, fimbo tatu tatu, shule nzima inaangalia, nikarudi ofisini nikijua kazi imeisha. Wiki iliyofuata godoro la yule dogo likakutwa limelowa chapachapa, kopo lake la sukari tupu, na nilipomuuliza akaniambia alijikwaa na ndoo. Soksi alikuwa bado anafua, ila sasa anafua saa sita usiku, muda ambao mimi nimelala.

Toka siku hiyo nimebeba jukumu la malezi na unasihi kwenye shule za bweni kwa miaka mingi, na swali naloulizwa kila mara na walimu wenzangu na wazazi ni hilo hilo, adhabu au matibabu, kipi kinazuia? Jibu langu ni kwamba mwonevu hazuiwi na ukubwa wa adhabu, anazuiwa na uhakika kwamba ataonekana na atashughulikiwa leo leo, na baada ya hapo ndo maongezi ya kumsaidia yanaingia na yanafanya kazi. Adhabu kali ya mara moja moja inamfundisha kujificha tu, na ushauri nasaha bila matokeo yoyote ataucheka akifika bwenini. Sasa tuende hatua kwa hatua, nimeziandika kwa shule ya bweni ya sekondari hapa Tanzania maana ndo naijua, wa shule za kutwa mtachukua zinazowafaa.

Kwanza kabisa, jua ni uonevu au ni ugomvi

Vijana wawili wa rika moja wamepigana kwa ajili ya daftari, huo ni ugomvi, unasuluhishwa. Uonevu una mambo matatu ambayo Dan Olweus wa Norway, mtu aliyeanza kuuchunguza kitaalamu toka miaka ya 1970, aliyasema na mpaka leo ndo kipimo: mtu anakusudia kuumiza, anarudia rudia, na aliyeonewa hana nguvu sawa ya kujitetea. Nguvu sio misuli tu, inaweza kuwa darasa, ukiranja, hela, ukubwa wa kundi, hata lafudhi (mtoto aliyetoka kijijini anaigwa anavyoongea kila akifungua mdomo darasani, kesho hanyooshi tena mkono).

Kwanini nasisitiza hili? Kwa sababu ukikosea hapa utafanya lile kosa kubwa la kuwaita wote wawili, "haya, peaneni mikono, yaishe". Usuluhishi unafaa kwa watu wenye nguvu sawa. Dogo wa miaka 13 atampa mkono kijana wa miaka 18 kwa sababu mwalimu kasema, alafu watatoka wote mlango mmoja kwenda bweni moja.

Hatua ya 1: aliyeonewa awe salama usiku huo huo

Kabla hujamgusa mwonevu panga huyu mtoto analala wapi leo. Na kama kuna mtu wa kuhama bweni ahame mwonevu, sio yeye, maana ukimhamisha aliyeonewa bweni zima linasoma kwamba aliyesema ndo kaadhibiwa. Nimeona shule nyingi zinafanya kinyume, tena kwa nia njema kabisa.

Usimuite ofisini kwa kipaza sauti. Kwenye mabweni yetu neno baya kuliko yote ni mnoko, yaani anayewasemea wenzie, na mtoto aliyeitwa ofisini saa nne akarudi saa nne na nusu macho mekundu ameshakuwa mnoko tayari. Mimi naita watano sita kwa pamoja kwa kisingizio cha kubeba madaftari, naongea na kila mmoja dakika kumi, na simuulizi "nani anakuonea" maana jibu ni "hakuna mwalimu" siku zote. Nauliza vitu vinavyoshikika. Jana uliamka saa ngapi? Ulioga maji ya nani? Hela ya matumizi uliyokuja nayo imebaki shilingi ngapi? Shuka lako la pili liko wapi? Mtoto anaweza kukataa kwamba anaonewa ila hawezi kukupa shuka ambalo hana.

Hatua ya 2: jiulize kama ni jinai

Hapa sitaki mjadala. Kama kuna kulawitiwa, kushikwa sehemu za siri, kuchomwa, kuvunjwa, kutishiwa kwa silaha, hilo sio suala la mwalimu wa nidhamu na sio la kumaliza kimya kimya ili jina la shule lisichafuke. Unamjulisha mkuu wa shule hapo hapo, mtoto anapelekwa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, fomu ya polisi ya matibabu (PF3) inachukuliwa, na anafika hospitali haraka iwezekanavyo, asioge na nguo zake zisifuliwe. Ikiwa kuna hatari ya maambukizi ya VVU dawa za kuzuia zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kwahiyo ukisema tusubiri mpaka jumatatu bodi ikae unaweza ukawa umemharibia maisha yote. Maumivu makali au damu, hospitali kwanza, fomu itafuata. Mzazi ajulishwe siku hiyo hiyo. Mtoto mwenyewe au mzazi akiona shule inasua sua, namba ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116, ni bure.

Hatua ya 3: kusanya habari siku hiyo hiyo, na mwonevu asijue nani kasema

Siri yenyewe iko kwenye chanzo. Usiseme "fulani ameniambia". Sema "nimeona ndoo yako bombani saa kumi na nusu, na haikuwa mkononi mwako". Ukienda na ulichokiona wewe mwenyewe au patroni (mlezi wa bweni), hakuna wa kulipiziwa. Ndo maana kuzungukia mabweni kuna thamani kuliko sanduku la maoni lililobandikwa mlango wa ofisi ya walimu, ambalo kila anayelisogelea anaonekana na shule nzima.

Kama ni kundi, watenganishe kabla hawajaongea, kila mmoja karatasi na kalamu, chumba chake, aandike. Ukichelewa mpaka kesho utapata hadithi moja yenye nukta zile zile, nimeshapokea barua nne za kujieleza ambazo hata kosa la herufi lilikuwa moja.

Hatua ya 4: matokeo, na hapa ndo penye viboko

Najua wengi mtasema sisi tulichapwa na tukanyooka. Tuanze na sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hapa bara zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, vinaandikwa kwenye kitabu, na msichana anachapwa na mwalimu wa kike labda kama hayupo. Kwahiyo mwalimu wa zamu anaechomoa fimbo bombani na kugawa kumi kumi amevunja kanuni yeye mwenyewe, na watoto wanajua.

Lakini tuseme umefuata kanuni zote, je inazuia? Angalia mwonevu anafanya nini hasa: anatumia nguvu yake kumuumiza mdogo ili mdogo atii. Alafu wewe mkubwa kuliko yeye unatumia nguvu yako kumuumiza ili atii. Somo ulilompa ni kwamba kosa lake lilikuwa kukamatwa. Na ukimchapa mbele ya paredi umempa kitu anachokitafuta kuliko chochote, hadhira. Kijana wa kidato cha nne anaekula fimbo tatu bila kukunja uso anarudi bwenini shujaa. Mwenye kubeba gharama ya fimbo hizo ni yule dogo, usiku.

Msinielewe vibaya, sisemi kuondoa viboko peke yake kunaleta amani. Kenya walipiga marufuku mwaka 2001 na uonevu mabwenini haukuisha, mwaka 2017 habari za shule moja kubwa ya wavulana jirani na Nairobi zilijaa magazetini. Ukitoa fimbo usiweke kitu mahali pake, wakubwa wanajaza hilo pengo wenyewe.

Weka nini? Weka kitu kidogo, kinachofanana na kosa, kinachotokea siku hiyo hiyo, na kinachomkuta kila mtu hata mtoto wa mjumbe wa bodi. Mimi natumia hivi. Alichochukua anarudisha, sukari kwa sukari, hela kwa hela. Kama ni kiranja cheo kinatoka, hakuna "tumpe nafasi ya mwisho", ukiranja ndo silaha aliyotumia. Anapoteza haki ya kukaa bila uangalizi: wiki tatu anaripoti kwa patroni kabla ya prepu (kujisomea usiku) na baada ya prepu, na anaamka anakuja kuchota maji yake mwenyewe patroni akimwona. Inachosha, haina ushujaa ndani yake, hakuna wa kumpigia makofi. Usimpe kazi ya kudhalilisha kama kusafisha choo kwa mikono huku wenzie wanacheka, utakuwa umerudi kule kule kwenye paredi.

Kumsimamisha masomo au kumfukuza? Kufukuza kuna taratibu zake na bodi ya shule lazima ihusike, na kuna kesi ambazo kweli hakuna namna, mtoto mwingine hawezi kuwa salama huyu akiwepo. Ila kama njia ya kuzuia wengine haijanishawishi. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilipitia zile sera za kutovumilia kabisa, yaani kosa moja nje, na ripoti yao iliyochapishwa 2008 haikukuta ushahidi kwamba shule zilikuwa salama zaidi. Kwetu tunaona kwa macho: kijana anakaa nyumbani wiki mbili anaendesha bodaboda ya mjomba, anarudi na hela na stori. Ukimsimamisha basi siku ya kurudi aje na mzazi na kuwe na karatasi yenye masharti ya kurudi, vinginevyo ni likizo.

Hatua ya 5: maongezi, yale tunayoita matibabu

Hii haifanyiki kabla ya hatua ya 4, wala haifanyiki badala yake.

Finland wana mpango unaitwa KiVa, ulianzia chuo kikuu cha Turku mwaka 2006 na ukasambazwa nchi nzima 2009, na ndani yake walijaribu njia mbili za kuongea na mwonevu. Moja ni kumwambia wazi ulichofanya tunakijua, hakikubaliki, kinakoma leo. Nyingine haimlaumu, inamuomba asaidie kumfanya mwenzake ajisikie vizuri. Matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha karibu visa 8 kati ya 10 vilikoma kwa maelezo ya walioonewa wenyewe, na kwa jumla njia hizo zilikaribiana, ila kwa wanafunzi wakubwa wa darasa la 7 mpaka la 9 ile ya kumkabili wazi ilifanya vizuri zaidi. Hao wa 7 mpaka 9 ndo umri wa sekondari yetu ya chini. Naipenda hiyo maana inavunja ubishi wetu wa fimbo au kubembeleza: kumkabili mtu sio lazima umpige, na kutompiga sio kumbembeleza.

Kwahiyo mkao wa kwanza ni mfupi, dakika tano, mtu mmoja mmoja, kamwe sio kundi. Nasema, "Jumanne alfajiri dogo fulani alikuchotea maji na kukufulia soksi. Najua sio mara ya kwanza. Imeisha leo. Utafanya hivi na hivi wiki tatu, na ijumaa nitakuuliza." Nanyamaza. Usihubiri. Usimuulize kwanini siku hiyo, atakujibu "tulikuwa tunatania tu mwalimu" na mtaanza kubishana.

Mkao wa pili, siku mbili tatu baadae, ndo unauliza na kusikiliza. Hapa utakuta sio wote wako sawa na hii ndo sababu dawa moja haiwatoshi. Kuna anaeendeleza mila: "na mimi nilipokuwa njuka (mgeni shuleni) nilifua". Huyu ndo wengi, na ndo rahisi, muulize tu usiku wake wa kwanza shuleni ulikuwaje, mwache aongee, nimeona vijana wenye ndevu wanatokwa machozi wakikumbuka. Baada ya hapo mpe nafasi ya yeye kuwa aliyeikata hiyo kamba.

Kuna anaefanya kwa ajili ya watazamaji. Huyu ni mwerevu, anajua kuongea, atakwambia kila unachotaka kusikia, ushauri nasaha mrefu kwake ni jukwaa jingine. Kwake kata hadhira, simamia karibu, maneno machache.

Alafu kuna yule anaeonea na yeye anaonewa, shuleni au nyumbani, anapigwa na baba wa kambo, analala na njaa likizo. Huyu adhabu inamshindilia chini kabisa, huyu ndo wa kukaa nae wiki nyingi, na ikibidi afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aitwe. Ukimfanyia huyu sawa na yule wa hadhira umempoteza.

Hatua ya 6: kuomba msamaha

Sio kwenye paredi na sio kwa kulazimisha. Muulize aliyeonewa kama anataka. Wengi wanataka kitu kimoja tu, kuachwa. Akikataa kukutana nae, basi.

Hatua ya 7: rekebisha bweni, maana uonevu una ratiba yake

Chukua karatasi uandike ni wapi na saa ngapi. Kwetu ilikuwa bombani alfajiri, foleni ya chakula, baada ya prepu mpaka taa kuzimwa, na jumamosi ya kufua. Alafu uliza kwanini pale. Bomba moja, bweni lina watoto themanini, maji yanatoka kwa saa mbili, hapo mkubwa lazima amtume mdogo. Tulipogawa maji kwa zamu za vyumba na patroni kusimama pale nusu saa tu, nusu ya kesi zangu zilipotea bila kuongea na mtu. Foleni ya chakula tukaianzisha na kidato cha kwanza. Haya ni mambo madogo ya kiutawala na sijui kwanini hatuyaiti malezi.

David Farrington na Maria Ttofi wa Cambridge walijumlisha tathmini 44 za mipango ya shule mbalimbali, wakaona kwa wastani uonevu unapungua asilimia 20 mpaka 23, na vitu vilivyoambatana na matokeo mazuri ni pamoja na uangalizi kwenye maeneo ya kuchezea, mikutano ya wazazi na nidhamu yenye msimamo. Kilichowashangaza ni kwamba kazi zinazowaachia wanafunzi wenzao kushughulikia ziliambatana na walioonewa kuongezeka. Kwahiyo usiunde kamati ya wakubwa ya kupambana na uonevu ukaenda kulala. Watazamaji ni tofauti kidogo: watafiti wa Canada waliorekodi watoto kwenye viwanja vya shule waliona mwenzao mmoja akiingilia, zaidi ya nusu ya matukio yanakoma ndani ya sekunde 10. Wafundishe sentensi moja tu ya kusema, "acha bwana, muache", alafu wamwite mtu mzima.

Na kila baada ya wiki nne fanya karatasi ya siri. Darasa zima, kila mtu kikaratasi sawa, maswali matatu, na wasio na la kusema wanaandika chakula walichokula jana, ili kalamu zote ziwe zinatembea muda mmoja. Hapo mnoko hajulikani.

Hatua ya 8: wazazi

Mzazi wa mwonevu ukimpigia simu kwa hasira atakuja na mkanda na atamalizia pale pale ofisini, nimeshaamua mzazi na mwanae mara mbili. Anza kwa kumwambia unachotaka kutoka kwake, mfano likizo hii asimtume mdogo wake kama mtumwa, na muongee kwa simu ijumaa. Mzazi wa aliyeonewa yeye mwambie ukweli wote na umwambie umefanya nini, kwa tarehe. Na wewe mzazi unaesoma hii, mtoto akirudi likizo kapungua, vitu vyake vipya havipo, tumbo linamuuma kila ikikaribia siku ya kufungua, usimwambie "kuwa mwanaume". Kaa nae, andika anachosema, nenda shule ukiwa na hayo maandishi.

Hatua ya 9: rudi kuangalia

Hapa ndo tunapofeli wote. Siku ya pili, siku ya saba, wiki ya tatu, na wiki ya mwisho kabla ya kufunga, andika kwenye kalenda yako kabisa. Yule dogo wangu wa soksi tulianza nae upya mwezi wa tatu kwa njia hii, wale wawili nikawakabili mmoja mmoja, mmoja alikuwa kiranja wa maji na cheo kikatoka, ratiba ya bomba ikabadilika. Wiki ya tatu nilimuuliza kaamka saa ngapi, akasema kengele ndo imemuamsha.

Na mizunguko yako usiifanye siku za zamu yako tu, maana zinajulikana. Toka siku ambayo sio yako, saa kumi na nusu, na tochi, usome majina kwenye ndoo.